Haki ya Kutazama: Wafu wa Pompeii na Mgeni wa Siku Moja

Kikundi cha watalii kinachozuru magofu ya Pompeii, kusini mwa Italia, aghalabu huondoka Naples asubuhi kwa garimoshi na kurejea jioni. Kwa muda wa saa chache, watalii hao hupitishwa katika mji wa Kirumi uliofukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mnamo mwaka wa 79 B.K. na kuanza kufukuliwa mwaka wa 1748. Huonyeshwa barabara za mawe, matanuri ya mikate na ukumbi wa michezo. Hatimaye husimama mbele ya maumbo ya watu waliokufa: huyu amejikunyata, yule ameuziba uso kwa mikono. Hapo kamera hutolewa. Swali linaloibuka ni hili: je, mgeni huyo ana haki ya kutazama? Na iwapo anayo, mipaka yake ni ipi?

Yafaa kwanza kubainisha kinachotazamwa. Miili ya wafu hao ilioza ndani ya majivu yaliyogandamana, ikaacha uwazi wenye umbo lake. Mwaka wa 1863 Giuseppe Fiorelli, aliyesimamia uchimbaji, alianza kumimina plasta katika uwazi wa namna hiyo na kuyabandua majivu baada ya plasta kukauka. Kwa hivyo umbo hilo si mwili, bali ni alama ya mahali ulipokuwa mwili. Hata hivyo, si sanamu tupu, kwani mara nyingi mifupa ya marehemu imo ndani yake. Akitazamwa kama sanamu, marehemu hupokonywa utu wake. Akitazamwa kama maiti, suala la sitara haliepukiki.

Wapo watakaodai kwamba karne nyingi zilizopita zimelifuta deni la heshima, kwa kuwa hakuna jamaa aliyebaki wa kuona uchungu. Hoja hii haina mashiko. Lau heshima ya maiti ingekuwa haki ya jamaa zake tu, basi asiye na jamaa angeweza kuanikwa hadharani siku ya pili baada ya kufa. Desturi za maziko zinalikana jambo hilo: maiti asiye na mwenyewe ndiye anayewawajibisha majirani zaidi.

Kwa upande mwingine, wapo watakaotaka maumbo yote yafichwe. Hawa nao wanasahau kwamba historia iliyoandikwa ina upendeleo. Pliny Mdogo aliusimulia mlipuko huo katika barua mbili kwa Tacitus, lakini kifo anachokieleza kwa kirefu ni cha mjomba wake, amiri wa manowari. Mtumwa na mtoto wa Pompeii hawakupata msimulizi wa aina hiyo. Kwa wengi wao, umbo la plasta ni miongoni mwa ushahidi mchache mno kwamba waliwahi kuishi. Kuwaficha ni kuwazika mara ya pili.

Basi kosa haliko katika jicho. Liko katika ulimi unaolifasiri lile lililoonwa. Katika Nyumba ya Bangili ya Dhahabu palipatikana mtu mzima aliyevaa bangili, pamoja na mtoto. Kwa miaka mingi wawili hao walielezwa kuwa mama na mwanawe, na wengi waliguswa na kisa hicho. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka wa 2024 ulionyesha kuwa mtu yule alikuwa mwanamume, na kwamba hakuwa na udugu wa damu na mtoto huyo. Bangili ilikuwa imetosha kumfanya mwanamke. Ukaribu ulikuwa umetosha kumfanya mzazi. Huruma ya watazamaji ilikuwa ya kweli, ila ilimwendea mtu waliyembuni wao wenyewe. Mhakiki wa fasihi anaifahamu hatari hii: msomaji aliyekwisha kujua maana kabla ya kusoma hulifanya andishi kuwa kioo chake.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wa mtazamo tofauti. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayaangalia magofu ya Pate, lakini anayeulizwa maswali ni moyo wake mwenyewe. Magofu hapo ni shahidi katika kesi ya mtazamaji. Ni kweli kwamba mshairi huyo aliomboleza ustaarabu wa watu wake, ilhali mtalii wa Pompeii ni mgeni kwa wafu anaowatazama. Lakini ugeni huo unazidisha wajibu wa kujihoji, hauupunguzi.

Tangu Novemba 2024 watu wanaoruhusiwa kuingia Pompeii kwa siku hawazidi 20,000. Kanuni hiyo inalinda mawe. Haiwezi kulinda maana. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa siku moja huondoka kabla ya kupewa jembe, na mwenyeji aliyekufa hana mkono wa kumkabidhi. Hana budi kulitwaa mwenyewe: atazame, ahuzunike, kisha ajizuie kumpa marehemu jina la mama, mpenzi au shujaa ambalo marehemu hawezi kulikataa.