Nyoka Hajui Jina la Mtu

Mtu akiumwa na nyoka njiani, mara husikika kijijini: «Nyoka huyo katumwa.» Kisha hutafutwa aliyemtuma, na jirani asiye na kosa huchukiwa. Je, ni haki?

Yafaa kwanza kujua jinsi nyoka atambuavyo vitu. Hana masikio ya nje. Mtikisiko wa ardhi humfikia kwa mifupa ya taya. Ulimi wake haudungi mtu, bali huokota harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa lake. Chatu ana vishimo midomoni vya kutambua joto la mnyama hata gizani. Naye kifutu hulala kati ya majani makavu. Mtu ajapo, mara nyingi hakimbii, bali hutulia asionekane. Akikanyagwa, huuma.

Watu huuliza: «Mbona kaumwa huyu, wala si mwenzake aliyetangulia?» Kwa sababu huyu ndiye aliyemkanyaga. Nyoka hutambua harufu, joto na mtikisiko. Chuki ya majirani haijui. Mungu Mwumba alimpa viungo vya kujilinda na kujilisha. Hana dhambi.

Lakini binadamu amepewa akili na dhamiri. Amsingiziaye jirani huvunja amri ya nane, na sumu ya ulimi wake yaweza kuangamiza jamaa nzima. Basi, aliyeumwa apelekwe hospitali upesi, si kwa mpiga ramli. Na jirani aachiwe heshima yake.