Mlango wa Kutokea

Somo la wiki: Yohana 6:60–69

Sura ya sita ya Injili ya Yohana ina saa moja nzito katika huduma ya Bwana Yesu. Jana yake amelisha maelfu, na watu walitaka kumchukua kwa nguvu wamfanye mfalme. Leo, katika sinagogi la Kapernaumu, amefundisha neno gumu juu ya mkate wa uzima, na wengi waliokuwa wakimfuata wanarudi nyuma. Angeweza kulilainisha lile neno ili wasiondoke. Angeweza kuwakumbusha mikate na samaki, na kuwaahidi mingine kesho. Hakufanya hivyo. Aliwageukia wale Kumi na Wawili akawauliza kama wao nao wanataka kwenda zao.

Tumezoea kulipita swali hilo haraka ili tufike kwenye jibu la Petro, lakini jibu la Petro lina uzito kwa sababu ya swali lenyewe. Petro alibaki mlango ukiwa wazi. Mwenye mamlaka yote mbinguni na duniani hakumfungia mtu, wala hakumchosha ili asahau kwamba anaweza kuondoka. Ndivyo alivyofanya hata kwa yule kijana tajiri aliyeondoka kwa huzuni: alimpenda, akamwacha aende. Yoshua naye, pale Shekemu, aliwaambia Waisraeli wachague wenyewe watakayemtumikia. Mungu wetu anaiheshimu hapana ya mwanadamu, ingawa mara nyingi hapana hiyo inamwumiza.

Ninaliweka somo hili mbele yenu kwa sababu ya malalamiko ninayoyasikia karibu kila juma. Mtu ameweka salio, limekatwa kwa huduma asiyokumbuka kuiomba. Kijana aliyejaribu programu bure kwa siku chache sasa anakatwa kila mwezi, na hajui aikatae wapi. Mama amefungua simu yake asubuhi, amekuta masharti mapya, na kitufe kilicho wazi ni kimoja tu, cha kukubali. Wanaoniambia haya hawaichukii teknolojia. Wanaitumia kuuza mazao, kulipa ada na kuongea na watoto walio mbali. Kinachowauma ni kwamba ridhaa yao haina thamani mbele ya yule anayewauzia huduma.

Liko shauri moja la Marekani linaloonyesha jambo hili kwa uwazi wa kipekee. Kampuni ya Amazon ina uanachama wa kulipia unaoitwa Prime. Mwanachama hulipa dola 14.99 kwa mwezi, au dola 139 kwa mwaka, na kwa malipo hayo hupelekewa bidhaa nyingi bila gharama ya usafirishaji na hupata kutazama filamu. Ni huduma ambayo wengi wanaifurahia, na hilo tuliseme kwa haki. Lakini mwezi wa Juni 2023 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo kwa madai kwamba iliwaingiza mamilioni ya watu kwenye uanachama huo bila ridhaa yao ya kweli, na kwamba ilifanya makusudi ili kujitoa kuwe kugumu.

Kujiunga, ilisema Tume, kulihitaji kubofya mara moja au mbili. Mteja aliyekuwa akinunua sabuni au vitabu angeweza kujikuta mwanachama kabla hajafika mwisho wa malipo. Kujitoa kulikuwa safari nyingine kabisa: kurasa 4, kubofya mara 6 na machaguo 15. Kila ukurasa ulimkumbusha mtu atakayoyapoteza, au ulimpa bei nyingine, au ulimwonyesha kitufe cha kumrudisha alikotoka. Ndani ya kampuni, utaratibu huo wa kujitoa ulipewa jina Iliad. Hilo ni jina la utenzi wa kale wa Homer kuhusu vita vya Troya, wenye vitabu 24 na zaidi ya mistari 15,000. Watu wenye elimu waliketi, wakatazama njia ambayo mteja wao angepita ili aseme basi, wakaona jina linaloifaa ni la vita virefu.

Wavuvi wa pwani wanaijua dema. Samaki huingia kwa wepesi, kwa kuwa mdomo umesukwa kuelekea ndani, na akitaka kutoka anakutana na ncha za fito. Mvuvi hana kosa. Dema ni la samaki. Kumsukia binadamu kitu kama hicho ni jambo jingine.

Torati ilikwisha kuliona hili. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inamkataza Mwisraeli kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, kubwa na dogo. Mfanyabiashara wa namna hiyo alitoa jiwe kubwa anaponunua, na dogo anapouza. Angalieni kwamba sheria haikusubiri mtu aibiwe. Ilikataza mawe yenyewe yasiwepo mfukoni. Kuwa nayo tu kulionyesha nia. Basi njia ya kuingia yenye hatua moja na njia ya kutoka yenye hatua sita, zikiwa zimechorwa na mkono uleule, ni mawe mawili katika mfuko mmoja. Sioni jinsi Mkristo anavyoweza kuliita hilo ujanja wa kawaida wa biashara.

Kuna jambo katika shauri hilo lililonigusa kama mchungaji kuliko hata fedha zake. Nyaraka za ndani zilizotolewa na Tume zilionyesha kwamba wafanyakazi wenyewe walijua. Mmoja wao alilinganisha kuwaingiza watu katika malipo wasiyoyataka na kansa ambayo hakuna anayeitamka. Soma hapo polepole. Dhamiri ilikuwepo ofisini, na ilikuwa hai. Mtu aliona ugonjwa, akaupa jina lake, na bado miezi ikapita na fedha zikaendelea kuingia. Sidhani watu hao ni wabaya kuliko sisi. Wana watoto, wana kodi za nyumba, wana wakubwa wanaowadai takwimu za wanachama wapya kila robo mwaka. Dhambi ya kampuni kubwa ina hatari hiyo: inagawanywa vipande vidogo, kila mmoja anabeba kipande chake, na hakuna anayesikia uzito wa mzigo wote. Mmoja amechagua rangi ya kitufe, mwingine ameandika maneno yake, mwingine amepima ni wangapi walikata tamaa njiani. Jioni wote wamekwenda nyumbani kwa amani.

Shauri lilimalizika Septemba 2025 huko Seattle, siku chache baada ya kesi kuanza kusikilizwa. Amazon ilikubali kutoa dola bilioni 2.5: bilioni 1 kama faini, na bilioni 1.5 za kuwarudishia wateja. Ilitakiwa pia kuweka kitufe kilicho wazi cha kukataa Prime. Haitaruhusiwa tena kumlazimisha asiyeutaka uanachama abofye maneno ya kusema kwamba hataki kusafirishiwa bure. Hapo nilikumbuka mafundisho ya Mlimani, Bwana anapotuagiza neno letu la kukubali liwe kukubali, na la kukataa liwe kukataa. Tumezoea kulisoma agizo hilo kama linamhusu anayesema tu. Linamhusu na anayesikiliza: ukipokea hapana ya jirani yako, usiifinyange mpaka ifanane na ndiyo.

Amazon haikukiri kosa. Sheria za dunia zinaruhusu mapatano ya namna hiyo, na mteja anayestahili atarudishiwa hadi dola 51. Bora kupata kuliko kukosa. Lakini fungueni Hesabu sura ya 5 muone utaratibu wa Mungu kwa aliyemdhulumu mwenzake: kwanza akiri, kisha arudishe kitu kizima, kisha aongeze sehemu ya tano juu yake. Kukiri kumetangulia fedha. Zakayo naye alisimama nyumbani kwake, mbele ya wageni, akaahidi kurudisha mara nne bila kuitwa na hakimu yeyote. Wokovu ulioingia nyumba ile ulianza kuonekana katika hesabu zake. Fedha inayorudishwa bila kukiri inaziba shimo la mfukoni tu. Aliyedhulumiwa bado anasubiri kuambiwa kwamba alikuwa na haki ya kukasirika.

Wako wanaosema, mtu mzima asome masharti kabla ya kubofya. Nalichukua neno hilo kwa uzito, maana uvivu wetu upo. Lakini masharti hayo huandikwa na mawakili, kwa kurasa nyingi, mara nyingi kwa Kiingereza, na humfikia mtu aliyesimama kituoni akingoja daladala. Tena kuna mambo ambayo hata msomaji hodari asingeyajua, kwa kuwa hayakuandikwa popote alipoweza kuyaona. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yakipunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone zenye betri zilizochakaa. Ilieleza kuwa lengo ni kuzuia simu zisizimike ghafla, na huenda fundi angekubaliana nayo. Kosa lilikuwa kutowaambia wenye simu, ambao wengine walidhani simu zimekufa wakanunua mpya. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 kwa kunyamaza huko.

Nairobi nayo ina ushuhuda wake. Katikati ya mwaka 2023 umati ulipanga foleni, hata kwenye ukumbi wa KICC, ili mashine ya mradi wa Worldcoin ipige picha ya mboni za macho yao. Kila mmoja aliahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Agosti mwaka huo serikali ilisimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo za miili ya watu zifutwe, kwa kuwa zilikusanywa kinyume cha sheria na ridhaa ilipatikana kwa kishawishi. Niliwasikia watu wakiwacheka waliopanga foleni. Mimi siwezi. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, na tunamlaumu kila mwaka somo hilo likija. Mara chache tunamwuliza Yakobo kwa nini alimwekea bei ndugu yake mwenye njaa. Mwenye jiko ndiye aliyekuwa na nafasi ya kutenda haki siku ile.

Na nyumba ya Mungu isijione iko mbali na maneno haya. Muumini anaposomewa jina lake kwenye orodha ya ahadi za ujenzi ambazo hakuahidi, mbele ya usharika mzima, amenyang'anywa hapana yake kama yule aliyenyang'anywa na kitufe. Mjane anayetaka kupumzika kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, akaitiwa vikao vitatu vya kumsihi, naye anapita kurasa zake nne. Tukitaka kuyakemea makampuni makubwa, wazee wa kanisa na tuanze na daftari la michango. Anayetoa kwa hiari atoe. Asiyeweza aweze kusema hivyo bila kutazamwa kwa jicho baya.

Kwenu vijana mnaosomea kompyuta, na wale mnaoandika programu za mikopo, za usafiri na za biashara mijini kwetu, nina ombi. Siku moja mtaambiwa mfiche kitufe cha kujitoa, au mkiweke kwa maandishi ya kijivu chini ya ukurasa wa tatu. Hamtaambiwa ni wizi. Mtaambiwa ni kuongeza wateja. Semeni hapo hapo, kwenye kikao, kwa heshima na kwa sauti inayosikika, kwamba hatua za kutoka ziwe sawa na za kuingia. Danieli na wenzake walikuwa watumishi wa serikali ya kigeni, vijana, wenye mengi ya kupoteza. Nao walisema mapema, wakati jambo lingali la sahani ya chakula.

Na kwetu sisi wengine, hasira peke yake haitoshi. Sheria zipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata taarifa na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa huduma mbovu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume inayoisimamia, na mamlaka za mawasiliano za nchi zote mbili hupokea malalamiko ya wateja. Wiki hii, baada ya ibada, keti na mzazi wako au jirani asiyesoma vizuri maandishi madogo. Mwombe ruhusa mfungue simu yake pamoja. Pitieni jumbe za makato moja baada ya nyingine, na kila huduma asiyoitambua msaidie kuiondoa. Kampuni ikigoma, andika malalamiko kwa jina la mwenye simu, taja tarehe na kiasi, tunza nakala, na kayapeleke kwa mamlaka inayohusika. Usimwache akaenda peke yake.