Mkono Mmoja Haulei Mwana

Wapendwa wanandoa, mara nyingi tunamsifu mama asiyelala mpaka kila mtu nyumbani amelala, na baba asiyekula mpaka watoto wameshiba. Sifa hizo ni za haki. Lakini leo tujiulize swali gumu kidogo. Je, huruma inaweza kumdhuru yule yule tunayemhurumia? Na mtu akitaka kuwa yeye peke yake anayehitajiwa, huo ni upendo au ni kiburi?

Tutasaidiwa na maisha ya mama mmoja wa hapa nchini ambaye wengi wenu mmepata kumsikia, Daphne Sheldrick. Alizaliwa Kenya mwaka 1934, akafariki dunia tarehe 12 Aprili 2018 kwa saratani ya matiti, akiwa na umri wa miaka 83. Ndoa yake ya kwanza haikudumu, kwa hiyo hatumleti hapa awe kielelezo cha kila jambo. Tunamkumbuka kwa huruma yake, na kwa funzo moja ambalo huruma hiyo ilimpa kwa uchungu.

Pamoja na David, mumewe wa pili, ambaye alikuwa mhifadhi mkuu wa Mbuga ya Tsavo Mashariki, aliishi huko porini kwa miaka mingi. Huko alilea binti zake wawili, na pia alilea wanyama waliofiwa na mama zao. Waliomshinda kwa muda mrefu ni watoto wachanga wa ndovu. Mtoto wa ndovu wa umri huo hutegemea maziwa tu, na mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe humdhuru. Wengi walimfia mikononi. Hakukata tamaa. Aliendelea kujaribu mchanganyiko huu na ule, mpaka alipogundua kwamba mafuta ya nazi yanaweza kushika nafasi ya mafuta ya maziwa ya mama ndovu. Mtoto mmoja aliyeitwa Aisha akaanza kunawiri.

Aisha alimwandama Daphne kila alikokwenda, wala hakutaka mtu mwingine. Ndipo ikafika arusi ya binti mkubwa wa Daphne. Mama akasafiri kwenda Nairobi, akamwacha Aisha na mtu wa kumtunza. Maziwa yalikuwa yale yale na mahali ni pale pale, lakini Aisha alikataa kula. Kwake yeye, alikuwa amefiwa na mama mara ya pili. Akadhoofika, akafa.

Sasa, ndugu msomaji, mama huyu alikosa wapi? Wengine watasema asingekwenda. Lakini mama gani atakosa arusi ya mwanawe kwa ajili ya mnyama? Tunafundishwa kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawiwa kuwatendea kwa wema, lakini mapendo yanayomstahili mtu asipewe mnyama badala yake. Binti alikuwa na haki ya kumwona mama yake siku hiyo. Wengine watasema asingempenda Aisha kiasi kile. Hilo nalo si kweli, maana bila upendo ule mtoto yule angekufa mapema zaidi. Basi kosa halikuwa katika kwenda, wala halikuwa katika kupenda. Hatari ilikuwa kwamba upendo wote ulipitia mlango mmoja, na mlango ule ulipofungwa, hata kwa siku chache, mtoto hakuwa na pa kupitia.

Daphne mwenyewe ndiye aliyelitambua jambo hilo na kulishika. Aliwatazama ndovu wenyewe, akaona kwamba katika kundi lao mtoto halelewi na mama peke yake. Shangazi, dada na bibi wote humzunguka. Kwa hiyo katika makao ya yatima aliyoyajenga Nairobi, kila mtoto wa ndovu hulelewa na watunzaji wengi. Huwapa maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na hulala nao bandani. Lakini hupokezana, leo huyu, kesho yule, ili mtoto aipende jamii nzima asimng'ang'anie mmoja.

Tugeuke sasa tuzitazame nyumba zetu. Waliofuga wanajua kuna ng'ombe asiyekubali kukamuliwa ila na mama mwenye nyumba. Siku mama akiwa mgonjwa, ndoo hurudi tupu. Tunacheka, lakini mara ngapi tumewafanya watoto wetu, na hata wenzi wetu, wawe kama ng'ombe huyo? Kuna baba asiyejua mwanawe anakunywa dawa gani, kwa kuwa mama hajapata kumwachia kazi hiyo. Kuna mama asiyejua hati ya shamba iko wapi, kwa kuwa baba ameificha mambo yote kifuani pake. Kila mmoja hujiambia kwamba anamwondolea mwenzake mzigo. Lakini tuseme kweli: kuna utamu wa siri katika kuambiwa, "Bila wewe nyumba hii haiendi." Utamu huo ni mtego. Hutufanya tuwaonee wivu wanaotaka kutusaidia, na tukasirike mtoto akimkimbilia mwingine.

Mtu atauliza, je, upendo ukigawanywa haupungui? Ndovu wale wametoa jibu. Wakikua hupelekwa Tsavo, na baadaye hujiunga na makundi ya porini. Miaka ikipita, baadhi yao hurudi kuwaona watunzaji wao, nao huja na watoto wao waliozaliwa porini. Walilelewa na mikono mingi, na hawakuisahau.

Basi, wapendwa, tunawashauri mambo matatu. Kwanza, kila mmoja amfundishe mwenzake kazi moja ambayo mpaka sasa huifanya peke yake. Baba ajifunze kupika uji wa mtoto na kumpeleka kliniki. Mama aonyeshwe karatasi za shamba, madeni na akiba. Pili, mwenzako akiifanya kazi yako kwa namna yake, usimsahihishe kila dakika. Mtoto aliyevishwa soksi mbili zisizofanana hajapungukiwa na kitu. Tatu, waacheni shangazi, wajomba, nyanya na wasimamizi wa ubatizo wawe na nafasi ya kweli kwa watoto wenu, si ya siku ya sherehe tu.

Haya si maneno ya kuwakimbiza wazazi nyumbani. Mtunzaji anayepokezana na wenzake ni yule anayekesha zamu yake yote. Anayekwepa zamu hana wa kupokezana naye. Huyo amewaacha wenzake na mzigo.

Tena kuna jambo linalotungoja sote, nalo ni kifo. David Sheldrick alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1977. Mjane wake hakumkumbuka kwa machozi peke yake. Mwaka huo huo alianzisha wakfu kwa jina la mumewe, na kazi waliyoifanya wawili ikapata mikono mingine. Alipofariki yeye mwenyewe, binti yake Angela alikuwa amekwisha kuiongoza kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, na zaidi ya yatima 200 wa ndovu walikuwa wamekwisha kulelewa. Hapo zamani aliondoka kwa siku chache tu na mtoto mmoja akafa kwa upweke. Mwaka 2018 aliondoka asirudi tena, na maziwa hayakukoma.

Hivyo ndivyo tunavyopaswa kumpima mwenye huruma. Tusiulize tu nyumba ililia kiasi gani alipoondoka. Tuulize pia kama aliiacha inaweza kusimama. Jioni hii, watoto wakisha kulala, kaeni wawili na kuulizana kwa upole: nikiitwa kesho, ni jambo gani la nyumba hii ambalo ninalijua mimi peke yangu? Kisha lianzeni hilo.