Ushahidi wa Uongo Dhidi ya Marehemu

Sisi tunaosali Kisesa tulifundishwa tangu utotoni amri inayokataza ushahidi wa uongo. Huwa tunaikumbuka panapozuka ugomvi wa mpaka wa shamba au kesi ya ng'ombe. Je, amri hiyo inamlinda pia aliyekwisha kufa, ambaye hawezi kusimama kujitetea?

Katika nchi ya Zimbabwe kuna kilima chenye kuta za mawe, na bondeni chini yake kuna ukuta wa mviringo unaofikia mita 11 kwenda juu. Mawe yake yamepangwa bila udongo wala saruji. Waliojenga ni mababu wa Washona, kati ya karne ya 11 na ya 15. Ulikuwa mji wa watawala na wa biashara. Dhahabu ya nchi ile ilishuka hadi pwani ya Sofala, na majahazi yakaileta Kilwa yetu. Katika magofu hayo imeokotwa sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa.

Mwaka 1871 alifika Mjerumani Karl Mauch. Alikata kibanzi cha mti wa mlangoni, akaona unafanana na mti wa penseli yake, akaamua kuwa ni mwerezi wa Lebanoni. Basi, akasema, jumba hili ni la Malkia wa Sheba! Hivyo Biblia yenyewe ikafanywa shahidi wa uongo.

Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akasema ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson naye alichimba, akathibitisha hivyo hivyo. Hata hivyo watawala walowezi wa Rhodesia waliendelea kuipenda hadithi ya wajenzi wageni. Ikiwa Mwafrika hakuwahi kujenga kitu, kumnyang'anya ardhi hakuonekani kuwa wizi.

Hapa tutofautishe. Aliyekosea anaweza kusahihishwa. Dhambi huanza pale ushahidi unapoletwa mbele yetu, nasi tukaukataa kwa sababu uongo unatufaa. Na anayesingiziwa akiwa marehemu, kosa halipungui, kwa maana kwa Mungu marehemu wako hai, na wajukuu wao ndio wanaolipa.

Tusiwanyooshee wengine kidole tu. Sisi wenyewe mara ngapi tumesema mababu zetu hawakujua kitu, walikaa gizani tu? Tunasema hivyo ilhali hapa jirani, Bujora, makumbusho ya Wasukuma yanatunza ngoma zao na kazi za mikono yao.

Tulipochimba msingi wa nyumba ya jumuiya, vilitoka vigae vya vyungu, vingine vina nakshi. Tukavitupa pamoja na kifusi. Bibi mmoja aliyetuletea uji akauliza, "Wanangu, mmeuliza ni vya nani?" Tukacheka. Usiku ule wengine wetu hatukulala vizuri.

Kesho yake tulirudi kuviokota. Vingi vilikuwa vimekwisha kufunikwa na zege. Tulivyovipata tuliviosha, tukaviweka kabatini kando ya vitabu vya nyimbo. Hatujui nani alivifinyanga. Lakini hatuwezi tena kusema kwamba mahali pale hapakuwa na mtu kabla yetu.