Nyumba Yenye Macho Nayo Ipige Hodi



Ndugu msomaji, nianze na swali. Umejifungia chumbani kwako, na mtu akakutazama kupitia tundu la ufunguo bila wewe kujua. Hakuiba kitu, wala hakumsimulia mtu yeyote alichokiona. Je, amekudhulumu? Wengi tutajibu upesi kwamba ndiyo. Lakini tukiulizwa amekudhulumu nini hasa, tunaanza kusita. Mali yako ipo, mwili wako haukuumia, na hata kujua hukujua. Swali hili nililiona kuwa la kuchangamsha mjadala tu baada ya darsa, mpaka likizo iliyopita liliponikuta nimeshika waya mkononi.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa umeme. Wakati wa likizo nilifanya kazi chini ya fundi mmoja hapa Kigali. Tulikuwa tunafunga mitambo katika nyumba mpya kilimani, ambayo ujenzi wake ulikuwa ukingoni. Mwenye nyumba alitaka taa zijizime zenyewe, lango lifunguliwe kwa simu, tangi la maji lijipime, na kamera nane. Nilipangiwa kuandaa chumba cha mitambo.

Kwa asiyewahi kukiona, hiki ni chumba kidogo, aghalabu chini ya ngazi au kando ya stoo. Ndani yake husimamishwa raki ya chuma ya inchi 19, kipimo kinachotumika karibu kila mahali duniani. Juu ya raki hukaa rauta, swichi ya mtandao, mashine ya kurekodi picha za kamera, na kompyuta ndogo inayoamrisha taa na milango. Chini kabisa hukaa betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika mitambo yote huzimika. Nyaya zote za nyumba hukutana hapo. Fundi alinifundisha mambo yake moja moja. Chumba kisiwe chini ya bafu, maana siku moja bomba litavuja. Kiwe na matundu ya hewa juu na chini, kwa kuwa mitambo hutoa joto usiku na mchana. Ethi ifungwe vizuri, maana milima yetu ina radi. Waya wa mtandao usizidi mita 100. Kila waya uandikwe jina kwenye ncha zote mbili. Na mlango uwe na kufuli. "Kijana wangu," aliniambia, "atakayeshika ufunguo huu ameshika nyumba nzima."

Siku ya tatu fundi alikwenda mjini kununua vifaa. Mwenye nyumba akaja, akaniomba nivute waya mmoja zaidi ambao haukuwamo kwenye mchoro: kutoka chumba cha mitambo hadi chumba cha kulala cha yaya, juu ya kabati, kwa ajili ya kamera ndogo. Akasema, "Yeye asijue." Kisha akanieleza sababu yake, na haikuwa sababu ya kipuuzi. Yaya waliyekuwa naye zamani alimwacha mtoto peke yake jikoni, mtoto akamwagikiwa na maji ya moto, mkono ukaungua. "Wewe bado huna mtoto," akaniambia. "Ukimpata utanielewa."

Niliuvuta ule waya. Nakiri hapa kwa sababu makala haya hayatakuwa na faida nikijifanya shujaa. Nilihitaji fedha ya muhula, yeye ni mtu mzima kuliko mimi, na nyumba ni yake. Nikajiambia waya wenyewe hauna dhambi, ni shaba na plastiki tu. Usiku ule sikupata usingizi, nikawa nazipima hoja zangu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba nyumba ni yake. Kweli ni yake. Lakini anayemiliki kuta hamiliki watu waliolala ndani yake. Katika Surat an-Nur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anawaamrisha watumishi na watoto wa nyumba ileile waombe ruhusa kabla ya kuingia nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya isha. Hapa hawazungumziwi wageni wa nje, wanazungumziwa watu wanaokaa pamoja. Kumbe sitara haiishii getini. Inakwenda mpaka kwenye mlango wa kila chumba. Utaniambia kwamba aya inamwamrisha mtumishi, haimwamrishi tajiri wake. Basi tuitazame sababu ya hodi yenyewe. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (S.A.W.), naye Mtume akiwa anajikuna kichwa kwa kitana. Mtume alimkemea vikali, na akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya kuona. Kwa hiyo hodi imewekwa kulizuia jicho, hata kabla ya mguu kuvuka kizingiti.

Sasa tuiangalie kamera. Kamera ni jicho lisilo na mguu. Haisimami mlangoni ikangoja kuitikiwa "karibu", kwa sababu imekwisha kuwa ndani. Ikiwa itapiga hodi, basi hodi yake ni siku ile fundi anapovuta waya, na mwenye kupaswa kuitikia ni yule atakayelala katika chumba kile. Siku hiyo ikipita kimya, hakuna siku nyingine ya kuomba ruhusa.

Hoja ya pili ilikuwa nia njema, kwamba baba anamlinda mwanawe. Hapa nilikikumbuka kisa kinachosimuliwa na wanachuoni kuhusu Sayyidna Umar (R.A.). Akiwa katika doria ya usiku mjini Madina alisikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu na pombe. Yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye amekosa jambo moja, Umar amekosa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na ameingia bila ruhusa wala salamu. Umar akaikubali hoja ile, akamwacha. Tuzingatie kwamba Umar alikuwa kiongozi, nia yake ilikuwa njema, na alichokishuku alikikuta kweli. Hata hivyo hakuona kwamba kukikuta kunahalalisha njia aliyopita. Itakuwaje kwetu sisi tusio na cheo chake wala uchamungu wake?

Hoja ya tatu ndiyo ile ya mwanzo wa makala: asiyejua hadhuriki. Nilimfikiria yaya yule usiku, mlango umefungwa. Anavua mtandio. Anaongea na mama yake kwa simu. Pengine analia, pengine anamwomba Mola wake jambo ambalo hajamwambia mtu. Anafanya yote hayo kwa kuamini kwamba yuko peke yake. Sisi ndio tuliomjengea imani hiyo kwa kumpa mlango unaofungika, na sisi ndio tulioifanya kuwa uongo. Hapo nikalipata jibu langu. Anayetazamwa kwa siri amenyang'anywa haki ya kuchagua nani amwone na katika hali gani, na amenyang'anywa kwa hadaa. Mtu anaweza kuibiwa asijue, na asijue maisha yake yote, na bado wizi ukawa wizi.

Tena mchunguliaji wa tundu la ufunguo alikuwa mmoja, na alichokiona kilisahaulika. Mashine haisahau kwa urahisi. Kamera nane, kila moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde, zinajaza karibu gigabaiti 346 kwa siku. Diski ya terabaiti 4 hukaa na picha za siku 11 na ushee kabla ya kuanza kufuta za zamani. Katika siku hizo ni nani anaweza kuzitazama? Mwenye nyumba, mtoto wake mkubwa anayelijua neno la siri la baba, na fundi ikiwa aliliacha neno la siri la kiwandani bila kulibadilisha. Na ikiwa picha zinatumwa kwenye seva za mbali, wanaweza kuzifikia watu wa nchi ambayo baba huyo hajawahi kukanyaga. Alidhani anafungua jicho moja, lake mwenyewe. Hana uwezo wa kuhesabu yaliyofunguka pamoja nalo.

Ndugu msomaji, usinielewe kwamba nasema mtoto aachwe aungue. Hofu ya mzazi ni ya haki. Ila kulinda ni jambo moja na kupeleleza ni jambo jingine, na tunaweza kuyatofautisha kwa swali jepesi: je, unaweza kumwambia anayetazamwa? Ulinzi ukitangazwa unabaki ulinzi, na mara nyingi unapata nguvu zaidi. Upelelezi ukitangazwa umekwisha.

Asubuhi yake nilimweleza fundi nilichokifanya. Hakunigombeza. Alimwendea mwenye nyumba, akamsalimu kwa heshima, akamuuliza, "Mzee, mtoto aliungulia wapi?" Akajibiwa, "Jikoni." Fundi akasema, "Basi tuweke jikoni, na yaya aambiwe." Mwenye nyumba alikasirika, akaondoka. Siku mbili hakupokea simu, nasi tukajua kazi imekwisha. Siku ya tatu alitupigia. Kamera zikafungwa jikoni na sebuleni anapocheza mtoto, na vyumba vya kulala vikaachwa. Yaya alipoletwa kuiona nyumba, mama wa nyumba alimwonyesha kioo na picha zinavyotokea. Aliuliza swali moja tu: "Inasikia pia?" Ilikuwa inasikia, na hakuna aliyelifikiria jambo hilo. Tukazima maikrofoni mbele yake.

Mtu atasema kuna sheria. Ni kweli. Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya kulinda taarifa binafsi na faragha, na majirani zetu Uganda na Kenya walitunga za kwao mwaka 2019. Lakini sheria kwa kawaida husubiri mlalamikaji, na asiyejua kwamba anatazamwa hawezi kulalamika. Ndiyo maana jambo hili linamwangukia kwanza fundi, ambaye ndiye anayejua kila waya unakokwenda.

Kwa wenzangu wa uhandisi, na kwa yeyote atakayejenga nyumba siku za usoni, nina haya ya kuwausia. Kabla ya kuchora, ulizeni kila atakayelala katika nyumba hiyo, msimuulize anayelipa peke yake. Mchoro wa nyaya zote ubandikwe ndani ya mlango wa chumba cha mitambo, usiwepo waya usioandikwa. Neno la siri la kiwandani libadilishwe mbele ya mwenye nyumba, na fundi asibaki nalo. Inapowezekana, chagueni programu inayoweza kufanya kazi humohumo nyumbani, kama Home Assistant iliyoanza mwaka 2013 na ambayo msimbo wake uko wazi, picha zisisafiri bila haja. Na siku za kuhifadhi picha ziwe chache kadiri haja inavyoruhusu. Mambo haya hayaongezi gharama kubwa. Yanahitaji tu mtu wa kuyasema kabla ukuta haujapigwa plasta.

Nami naongea hivyo kwa sababu ule waya wangu bado umo ukutani. Kuutoa kulihitaji kuvunja plasta, na mwenye nyumba hakukubali, wala simlaumu. Tuliukata ncha, tukaufunika, na kwenye mchoro fundi aliniamuru niandike kwa mkono wangu: "Waya wa chumba cha yaya. Hautumiki." Nikipita barabara ile huitazama nyumba ile na kukumbuka kwamba mtu yeyote mwenye koleo anaweza kuuunganisha kwa dakika kumi.

Mwenyezi Mungu atusitiri, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowasitiri wenzao. Wallahu a'lam.