Mizani na Bega

Mizani haina huruma wala chuki, lakini mkono uishikao huweza kuwa na vyote viwili. Katika karne ya 19, pembe za ndovu zilizotoka Tabora kwenda Bagamoyo zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ilikuwa karibu ratili 35. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyejitwika frasila mbili hakushika mizani, alitoa bega. Kipimo kilipodanganya, mshika mizani hakuumia, liliumia bega. Kwa hiyo kupima ni amana, maana aghalabu uzito humwangukia asiyepima.

Juu ya Tabora hiyo hiyo hupita msafara mwingine usio na ngoma wala bendera. Baina ya kilomita 15 na 35 angani imo gesi ya ozoni, izuiayo miale mikali ya jua. Sehemu kubwa ya gesi hiyo huzaliwa juu ya nchi za joto, kisha hewa ya juu huichukua polepole hata ncha za dunia. Katika ncha ya kusini usiku wa majira ya baridi ni wa miezi. Baridi ipitapo nyuzi 78 chini ya sifuri, huko juu hutanda mawingu ya chembechembe. Juu ya chembe hizo huamka klorini itokayo katika gesi zilizotiwa zamani katika majokofu na makopo ya kupulizia. Na jua lirudipo, ozoni huliwa.

Jambo hili halikujulikana kwa werevu peke yake. Katika kituo cha Halley, Antaktiki, Waingereza walipima ozoni tangu miaka ya 1950. Farman, Gardiner na Shanklin walipotangaza upungufu mkubwa mwaka 1985, ushahidi wao ulisimama juu ya hesabu za miaka mingi, zilizoandikwa na watu ambao hawakujua nani angezihitaji. Uaminifu usio na shahidi ndio uliowafaa walimwengu.

Yamkini mtu wa Tabora asiye na jokofu atauliza kosa lake ni nini. Hana kosa. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizipa nchi changa muhula mrefu zaidi, na nchi tajiri zikatakiwa kuchangia gharama zao. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Hapo mzigo ulipimwa kwa nguvu za bega, na hiyo ni haki.

Lakini kukosa hatia si kukosa wajibu. Fundi afunguaye jokofu kuukuu katika karakana yake huweza kuikusanya gesi iliyomo au kuiachia ipae. Hapana amwonaye, na atakayedhurika hamjui. Saa hiyo mizani imo mkononi mwake, na bega liko mbali. Ubora wa mtu hupimwa hapo: kwa jinsi amtendeavyo asiyeweza kumdai.