Deni la Pikipiki: Ni Kuuza au Ni Kukodisha?

Tumeulizwa juu ya biashara iliyoenea pwani na bara, nayo ni kumpa kijana pikipiki kwa mkataba: alipe kila siku fedha maalumu, na ukiisha muda, mwaka au zaidi, pikipiki iwe yake. Je, hii ni riba?

Wengi hujibu upesi kuwa ni riba kwa kuwa bei yake ni kubwa. Tuseme pikipiki dukani ni shilingi 2,800,000, na kijana atalipa 10,000 kila siku kwa siku 420, jumla yake 4,200,000. Zimezidi 1,400,000. Lakini wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi hawakukataza kuuza kwa muda kwa bei iliyozidi ya taslimu, maadamu bei ni moja, imekatwa kabla ya kuagana, wala haiongezeki mtu akichelewa. Kilichokatazwa, nacho kimo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, ni mauzo mawili ndani ya mauzo mamoja, mtu asijue ameshika lipi. Basi ubaya wa mikataba hii tusiutafute katika ukubwa wa bei tu.

Tazama Kinampanda, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Mwenye pikipiki ya huko aweza kuwa mtu wa Kiomboi, na aweza kuwa mmoja wetu wa huku pwani. Watu wa huko ni wakulima wa alizeti na mtama; mvua yao ni ya msimu mmoja, kiasi cha Desemba mpaka Aprili, na fedha huonekana baada ya mavuno. Kijana achukuaye pikipiki mwezi wa Juni hupata abiria, hulipa bila taabu, hujiona amekwisha kuwa tajiri. Ikifika Januari abiria wake wako shambani na majembe, mifuko mitupu, njia ni matope. Na zile 10,000 ni zile zile. Hapo huanza kuendesha usiku, kwa haraka, na kupakia watu watatu, na simu ya mwenye pikipiki ikilia husema yuko njiani analeta, naye hana kitu. Mtume, sala na salamu zimfikie, alikuwa akijikinga kwa Mungu na deni, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa deni humtia mtu katika uongo na kuvunja ahadi.

Sasa sikiliza maneno ya mwenye mali. Pikipiki ikiibiwa, husema: "Nimekuuzia, endelea kulipa." Kijana akikosa siku tatu katika mwezi wa kumi na moja, husema: "Ni yangu, kadi ina jina langu, nilikukodisha tu." Huichukua, na yote yaliyolipwa yakapotea. Ndugu yangu, chagua moja. Ikiwa umeuza, khasara baada ya kukabidhi ni ya mnunuzi, lakini na pikipiki ni yake pia. Wewe una deni tu, na mdaiwa akiwa na dhiki, aya ya 280 ya Suratul Baqara yakuamuru umngoje. Ikiwa umekodisha, kijana ni amini: ikiharibika bila ya yeye kupita mpaka wala kuzembea, khasara ni yako. Ama kutaka faida ya muuzaji pamoja na mamlaka ya mkodishaji, hilo hatulijui katika fiqhi. Na kumeza malipo ya mnunuzi ni ndugu wa arbuni, ambayo kwetu ni batili ijapokuwa Mahanbali wameiruhusu.

Husemwa: "Kijana ameridhia, ametia sahihi yake." Ameridhia nini, na hata aliyeiandika karatasi hajasema kama ni bei au ni ijara?

Atakaye kuuza na auze, aandike bei moja, na vipande vya malipo viwe vikubwa baada ya mavuno na vidogo wakati wa kulima. Wala asiandike "alizeti ikivunwa," kwa kuwa muda huo haujulikani, nao huharibu mauzo. Aandike tarehe, kama 30 Juni.

Na aliyekwisha kunyang'anya pikipiki kwa mkataba wa namna hii? Mauzo yakiwa yameharibika, kijana hurudishiwa alichotoa, naye hudaiwa ujira wa mfano kwa siku alizotumia. Amelipa siku 330, yaani 3,300,000. Tuseme ujira wa pikipiki kama hiyo katika mji huo ni 7,000 kwa siku, basi ujira ni 2,310,000. Zilizobaki, 990,000, ni mali ya kijana, na apelekewe alipo.